Asubuhi Isiyo na Moshi

Jua lilipochungulia juu ya bega la mlima, Atuganile alikuwa ameshakaa nje kwenye kigoda chake, blanketi mabegani, kipimajua mkononi. Chombo chenyewe hakikuwa na mbwembwe. Kilikuwa mrija wa chuma wenye kioo mbele, kidirisha cha namba nyuma, na katikati gurudumu dogo la vioo vya rangi. Unakielekeza kwenye jua, unabana pumzi ili mkono usitikisike, nacho kinakwambia mwanga kiasi gani umefika. Kazi yote iko katika ule ambao haukufika.

"Tayari, dada?" Gwakisa aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta wa mawe.

"Tayari."

Ukuta ule ulijengwa makusudi. Wapimaji wawili, vyombo viwili, na hakuna anayemwona mwenzake. Kila mmoja anapima tangu jua likiwa chini, mwanga wake ukipenya hewa nyingi, hadi linapopanda na hewa ya kupenya kupungua. Namba zikipangwa zinatoa mstari. Mstari ukiinama sana, Pazia, ule utando wa matone ambao ndege humwaga angani kukinga jua, ni nene. Ukilalia, Pazia limekonda. Mwisho wa kazi wawili hao husimama, hutazamana juu ya ukuta, na hutamka namba zao kwa pamoja na kwa sauti kubwa, kabla yeyote hajapata nafasi ya kumfuata mwenzake. Wageni wa Baraza linalosimamia Pazia, waliowahi kuiona desturi hiyo, walicheka, wakasema ni mchezo wa watoto. Wacheke. Mitambo yote isiyo na watu iliyotapakaa nchi tambarare ilirekebishwa kwa namba iliyotamkwa hapa Mlima Nkwasi. Nkwasi ikikosea, bara zima limekosea, na ndege za Pazia zinaruka au zinalala kufuatana na kosa hilo.

Jua lilipofika pale linapotakiwa, walisimama.

"Sifuri nukta mbili nane!"

Sauti zao zilikwenda sawia. Gwakisa alishusha chombo, akajifuta paji la uso kwa kofia yake ya sufi. Alikuwa kijana mrefu wa Kyela ambaye tangu aje mlimani hajawahi kuvua makoti mawili.

"Pazia linatosha na kubaki," alisema. "Ndege hazitaruka leo tena. Lakini dada Atu, mimi sielewi. Mke wangu Nsia anasema huko nyumbani kunachemka. Anasema hata usiku hakupoi. Pazia likiwa nene hivi, joto linatoka wapi?"

"Labda ni unyevu wa ziwa."

"Unyevu wa ziwa tumezaliwa nao."

Akaingia ndani kutuma namba. Atuganile alibaki nje, swali lile likimwasha. Akakiinua tena kipimajua, na kwa kidole gumba akazungusha gurudumu kutoka kioo cha kijani, ambacho Baraza lilikuwa limeamuru kitumike peke yake ili vituo vyote vilingane, hadi kioo cha bluu ambacho hakuna aliyekitazama siku hizi. Chombo cha Gwakisa hakikuwa nacho tena. Kilikwaruzika kitambo na hakuna aliyejishughulisha kuleta kingine.

Akasoma. Akasoma tena. Akahamia kioo chekundu, kisha akarudi kwenye bluu.

Matone ya Pazia ni makubwa kiasi. Yanazuia bluu na nyekundu karibu sawasawa, hayana upendeleo. Kitu kinachoila bluu na kuiachia nyekundu ipite ni vumbi laini mno, laini kuliko chochote ambacho ndege zinamwaga. Na bluu ya asubuhi hii ilikuwa imeliwa vibaya sana.

Atuganile alisogea hadi ukingo wa uwanja na kutazama chini. Kijiji cha Ikomelo kilikuwa kimekaa pale pale kilipokaa siku zote, chini kidogo ya kituo, matuta yake ya viazi yakifuatana kushuka mteremko. Juu yake kulikuwa na utando mweupe mwembamba ambao alikuwa ameuona kila asubuhi wiki hii na kuudhania ukungu. Ukungu huondoka jua likipanda. Utando huu ulikuwa unapanda nalo, polepole, kuja kituoni.

Ulikuwa moshi wa majani mabichi. Walikuwa wanafukiza viazi ili sakitu, ule umande unaoganda alfajiri na kuunguza majani, usiyaguse. Na katikati ya mashamba yaliyofuka, lenye moshi mzito kuliko yote, lilikuwa shamba la mama yake mzazi.

Namba ya leo ilikuwa uongo. Ya jana pia, na ya juzi. Juu kule Pazia lilikuwa limekonda siku hadi siku, ndege zikiwa zimelala kwa sababu yeye na Gwakisa walisimama kila asubuhi wakatamka kwa pamoja unene wa moshi wa viazi.

*

Alikaa na jambo hilo hadi mchana. Alipika chai, hakuinywa. Alifagia chumba cha vyombo ambacho kilikuwa safi. Mtu akijua jambo ambalo likisemwa litaua huku na lisiposemwa litaua kule, hata ufagio unakuwa rafiki.

Gwakisa alikuwa jikoni, simu sikioni, mgongo umepinda.

"Mtie kwenye beseni... Najua maji yana moto, mtie hivyo hivyo... Anatoka jasho? Nsia, nakuuliza, mtoto anatoka jasho?"

Sauti ya mkewe ilisikika hadi mlangoni, nyembamba na yenye uchovu. Mtoto hatoki jasho tangu asubuhi. Ngozi imekauka. Jirani yao mzee Mwakasege amekutwa amekufa kitini, shati limelowa. Watu wanakwenda kukaa ziwani maji yakiwafika shingoni, na maji yenyewe ni ya uvuguvugu.

Simu ilipokatika, Gwakisa aliiweka mezani akaitazama tu.

Atuganile aliona haya, haya ya kweli iliyompanda hadi masikioni. Akasema, "Namba zetu si za kweli."

Alimweleza yote akiwa amesimama: kioo cha bluu, utando mweupe, viazi. Hakuficha shamba la nani. Gwakisa alisikiliza bila kupepesa, kisha mkono wake ukaenda kwenye simu ya ukutani, ile nyekundu ya Baraza.

"Kaka, subiri."

"Nisubiri nini? Kanuni ya Hewa Safi iko wazi. Anayefanya moshi ndani ya eneo la mlima anaondolewa."

"Hawataondoa anayefanya moshi. Wataondoa kijiji. Uliwaona wa ng'ambo ya pili ya mlima? Walishuka na milango ya nyumba zao kichwani, kwa sababu mtu mmoja alichoma mkaa."

"Na mwanangu?" Gwakisa aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye amezeeka kati ya sentensi mbili. "Mwanangu hata milango hataweza kubeba, dada Atu. Hajajua kutembea."

"Basi wapelekee Baraza bluu yangu, waone."

"Hawaijui bluu yako. Wanataka mstari wa kijani, wapimaji wawili, hewa safi. Unajua hivyo kunishinda."

Alijua. Baraza halikubali maelezo. Lingekubali asubuhi moja isiyo na moshi, basi. Na asubuhi isiyo na moshi, kwa baridi hii, maana yake ilikuwa kupoteza viazi vyote vya Ikomelo.

"Askari wa Baraza ukiwaita sasa watafika lini?" aliuliza.

Gwakisa alichungulia barabara dirishani, naye akajijibu:

"Kesho mchana, barabara ikiwaruhusu. Mimi nitashuka kesho alfajiri na kuizima mioto kwa mikono yangu. Jua likichomoza hewa itakuwa safi, tutapima, ndege zitaruka mchana. Nani atamfikia mtoto wako haraka, mimi au askari?"

Mkono ulibaki juu ya simu nyekundu kwa muda mrefu. Kisha ukashuka.

"Asubuhi moja," Gwakisa alisema. "Nikiona moshi hata wa sigara, napiga. Unisamehe."

"Ukiuona, piga."

*

Baridi ya alfajiri ile ilikuwa na meno. Majani pembeni mwa njia yalivunjika chini ya viatu vyake kama chapati iliyokaushwa, na nyota zilikuwa zinafifia. Mafungu ya majani mabichi yalikuwa yamepangwa kichwani mwa kila shamba, na karibu na kila fungu alisimama mtu aliyejifunika, akichochea kwa kijiti. Moshi ulitambaa juu ya matuta, ukavifunika viazi kama mtu anavyomfunika mgonjwa.

Mama yake alikuwa amechuchumaa, kitenge kimefungwa kichwani hadi kwenye nyusi. Hakuinua uso.

"Mugonile, mama."

Hakuitikia. Mwanamke yule hajawahi kuacha salamu ipite, hata ya mtu aliyemchukia, na Atuganile akajua kwamba alikuwa akitarajiwa.

"Umeshuka na ndoo," mama alisema hatimaye. "Nimeisikia inagonga tangu kule mtoni. Umekuja kama nani? Mwanangu, au Baraza?"

"Nimekuja kukuomba uzime moto, mama. Moshi unapanda kituoni. Unatuonyesha Pazia nene wakati..."

"Najua unachoonyesha."

Atuganile aliweka ndoo chini.

"Unadhani sisi ni wajinga? Siku tuliyowasha kwa ajili ya sakitu, ndege hazikupita. Kesho yake tukawasha, hazikupita. Siku ya tatu hapakuwa na sakitu hata kidogo, tukawasha vilevile, ili zisipite." Mama alichochea, moshi ukamzonga, akakohoa. "Wewe mwenyewe ulitufundisha. Siku ya matanga ya shangazi yako, umekaa pale mkekani unalalamika kwamba moshi kidogo tu wa mkaa unakuharibia kazi. Sisi tulisikiliza."

Basi halikuwa kosa. Kijiji kizima kilikuwa kinaliziba jua macho kila asubuhi, kwa makusudi, kwa majani ya magugu. Sehemu fulani ya Atuganile ilitaka kucheka kwa fahari, na sehemu hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi.

"Mama, kule bondeni Kyela watu wanakufa. Wanakufa wamekaa vitini."

"Na sisi?" Sasa mama alisimama. Alikuwa mfupi, na ilimbidi ainue kidevu. "Tangu hilo Pazia lenu litandikwe, sakitu inakuja miezi ambayo bibi yangu hakuwahi kuiona. Misimu miwili hatujavuna. Unajua tumekula nini mwaka huu? Tumekula mbegu, Atu. Hivi vilivyomo ardhini ndiyo mbegu ya mwisho ya Ikomelo, na vina ukubwa wa jicho la mbuzi. Majani yakiungua leo, vinabaki hivyo hivyo. Wale wa bondeni walipokuwa wanakula wali na ndizi chini ya kivuli tulichokilipia sisi kwa baridi, nani kati yao aliuliza kama tumelala na njaa?"

"Hakuna."

"Basi nijibu. Kwa nini mtoto wao ana haki ya kupoa, na wetu hana haki ya kula?"

Atuganile alipangusa moshi machoni.

"Sina jibu, mama. Najua tu kwamba njaa inampa mtu wiki, na joto lile linampa mchana mmoja. Njaa naweza kuipigia kelele. Nitakwenda kwenye Baraza na kioo cha bluu, nitawaambia Pazia lao linaua huku. Lakini nikienda na namba ya uongo mkononi, nani atanisikiliza tena?"

"Maneno."

"Ndiyo, mama. Ni maneno."

Walitazamana. Upande wa mashariki anga ilianza kupauka, na hapakuwa na muda tena. Atuganile aliinua ndoo. Maji mengine yalimmwagikia miguuni kabla hayajafika kwenye moto. Fungu lilitoa mlio, likapumua mvuke, likazima. Mama yake hakumzuia. Alitazama tu, kama mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa na fundi aliyemlea mwenyewe.

Fungu la pili lilikuwa la Baba Lugano, jirani, mtu mpole aliyemfundisha Atuganile kuendesha baiskeli. Alikuwa ameshika jembe kwa mikono miwili.

"Usisogee, binti."

"Baba, tafadhali."

"Nina wajukuu saba humo ndani. Naapa, usisogee."

Wengine walikuwa wameshaanza kukusanyika kutoka mashamba ya juu, kimya, vijiti vya moto mikononi. Atuganile alisimama na ndoo yake. Aliogopa jembe, na aliogopa zaidi kwamba wakimpiga ingekuwa haki yao.

"Mwacheni."

Ilikuwa sauti ya mama yake, nyuma, kavu.

"Mama Atu, huyu mwanao anatuua."

"Nimesema mwacheni. Wangu umeshazimwa. Au mnataka hasara iwe yangu peke yangu?" Alikuwa tayari anakifungua kitenge kichwani. Akakitandaza juu ya tuta la kwanza, akayainamia majani, akaingiza ncha za kitambaa chini yake kama anamlaza mtoto. Kilifunika mashina machache tu. Akavua na sweta. "Msisimame kama nguzo. Leteni mablanketi. Leteni mashuka, magunia, chochote. Tufunike ya mbegu, mengine tuyaage."

Kisha Baba Lugano aliliangusha jembe, akakimbia kuelekea nyumbani kwake, akiita wajukuu waamke na kutoka vitandani. Atuganile alilivua blanketi lake, akamtupia mama, na kukimbilia fungu jingine. Alizima, akateka maji, akazima. Watoto walitoka wakitetemeka na fulana, wakishika pembe za mablanketi yao waliyotoka kuyalalia, na mama zao wakiwaelekeza matuta ya kufunika. Hakuna aliyemsaidia kuzima. Hakuna aliyemzuia pia. Alipomaliza na kugeuka, sehemu kubwa ya mteremko ilikuwa wazi, na majani yalikuwa yanameta meupe, mazuri kabisa kutazama.

*

Alifika kigodani jua likiwa linachomoza, kifua kinawaka, nguo zimemgandia.

"Tayari, dada?" Gwakisa aliuliza ng'ambo ya ukuta. Hakuuliza lingine.

"Tayari."

Mteremko wa Ikomelo haukuwa na utando hata kidogo. Ilikuwa asubuhi safi kuliko zote alizowahi kupima, na alichukia usafi wake. Alisoma kijani. Alisoma bluu pia, kwa ajili ya nafsi yake, na safari hii bluu na nyekundu zilikwenda pamoja kama maksai wawili waliozoeana. Mstari ulinyooka, ukalalia. Walisimama, wakatazamana.

"Sifuri nukta moja sita!"

Gwakisa alifunika uso kwa kofia yake. Mabega yalimtikisika, kisha akaingia ndani kutuma. Mchana ndege za Pazia zilipita juu sana, nyingi, zikiacha mistari myeupe iliyopanuka na kuungana hadi jua likawa kama limewekwa nyuma ya karatasi ya mafuta. Hakuna kati yao aliyetoka nje kushangilia.

Alasiri simu ya Atuganile iliita.

"Matuta yaliyofunikwa yamepona," mama yake alisema bila salamu. "Mawili matatu kila shamba. Mengine yamekuwa meusi. Yananuka tayari."

"Mama..."

"Sikupiga unilie. Huyo mtoto wa mwenzako, yu hai?"

"Yu hai. Itachukua siku kadhaa joto lishuke. Alasiri hii wamepata upepo kidogo."

"Nataka kumsikia."

"Mama, yuko Kyela, hawezi hata..."

"Nimesema nataka kumsikia. Nimemlipia."

Gwakisa, aliyekuwa amesikia kila neno, alimpigia mkewe. Waliziweka simu mbili mezani, moja ikitazamana na nyingine, wakakaa kimya pembeni. Ilisikika pumzi ya Nsia, na kwa mbali feni iliyochoka.

"Shikamoo, mama," Nsia alisema kwa woga.

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Amelala, mama. Ndiyo kwanza amelala."

"Mwamshe."

Nsia alisita. Ilisikika nguo ikisuguana, jina likitajwa kwa upole, kisha kilio: chembamba mwanzoni, cha kukwaruza, halafu kikapata nguvu, kikawa kilio cha mtoto aliyekasirika kwelikweli kwa kuamshwa. Mtoto alilia na kulia.

"Unamnyonyesha?" mama yake aliuliza hatimaye.

"Ndiyo, mama. Maziwa ni kidogo, lakini yanatoka."

"Mnyonyeshe. Huku kwetu mzazi anayenyonyesha huletewa kapu la viazi." "Mnyonyeshe wewe. Sisi hatutakuwa na cha kukuletea."